Albamu za "laivu" za roki zilizotiwa viraka studioni: ni kipi hasa kilichobaki cha usiku ule?

#1 santuri_kuukuu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kuna jambo limenikaa moyoni wiki kadhaa sasa, nimeona nilitoe humu kwa kuwa najua kuna watu wenye masikio.

Nimekua na Live and Dangerous ya Thin Lizzy, ile ya 1978. Kwangu mimi ndiyo iliyonifundisha maana ya neno laivu. Phil Lynott anaongea na watu, watu wanamjibu, Scott Gorham na Brian Robertson wanapandisha magitaa yao pamoja, na huko nyuma kwenye ngoma Brian Downey hatulii hata kidogo. Niliamini kila sekunde ya santuri ile.

Kisha nikakutana na maelezo ya prodyuza wake, Tony Visconti. Anasema kama asilimia 75 ya albamu ilirekodiwa upya studioni Paris, na kwamba cha jukwaani kilichobaki ni ngoma na kelele za mashabiki. Kwa masimulizi yake, ilianza na jambo dogo: Lynott aliomba arekebishe kipande cha besi, akaishia kurudia karibu besi yote. Besi mpya ikafanya magitaa yaonekane hayajakaa sawa, nayo yakarudiwa. Halafu sauti za kuimba.

Sasa kaa hapo hapo. Meneja wao, Chris O'Donnell, anasema hesabu ni kinyume: asilimia 75 ni ya jukwaani, robo tu ndiyo ya studio. Robertson naye anakana zaidi ya hapo. Anasema walichoongeza ni sauti za kuitikia na vipande vichache vya gitaa, na hoja yake ni ya kifundi: walikuwa wanapiga kwa nguvu mno jukwaani, magitaa yakavujia kwenye maikrofoni zote, kwa hiyo kurudia kila kitu kusingewezekana hata kama wangetaka.

Watu watatu waliokuwa ndani ya chumba kimoja, na kila mmoja ana albamu yake.

Naomba tujadili kwa utulivu. Sitafuti nani mwongo. Ninachotaka kujua ni hiki: albamu ikitiwa viraka namna hiyo, mimi msikilizaji nimebaki na nini cha usiku ule?

#2 msikivu

Mkuu, nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Umebaki na ulichouziwa kwa jina lisilo lake. Jaladani wameandika laivu, mimi nimetoa pesa yangu kwa ajili ya laivu. Nikitaka ya studio, ya studio ipo rafu ya pili.

Na Thin Lizzy si wabaya kuliko wote. Chukua Alive! ya KISS, 1975. Ilirekodiwa kwenye maonyesho kadhaa, mojawapo Cobo Arena ya Detroit mwezi Mei mwaka ule, kisha ikapelekwa Electric Lady Studios New York na prodyuza Eddie Kramer. Huko walirudia sauti, magitaa, besi. Kramer mwenyewe amesema ngoma za Peter Criss ndizo zilizobaki karibu kama zilivyopigwa. Hata umati ulikuzwa kwa vipande vya kanda vilivyofungwa vitanzi, vinazunguka na kuzunguka ili makofi yasiishe.

Albamu hiyo ndiyo iliyoiokoa kampuni yao, Casablanca, iliyokuwa hoi kifedha. Vijana wangapi walijifunza gitaa wakiigiza usiku ambao haukuwahi kutokea? Hilo linaniuma. Unamwona kijana anavunjika moyo kwa sababu bendi yake haisikiki hivyo jukwaani, wakati hata wao hawakusikika hivyo.

#3 besi_nzito

Ndugu msikivu, nakuheshimu, ila hapa umewaonea wapigaji.

Mimi napiga besi. Onyesho lina kazi yake na santuri ina kazi yake. Siku ya onyesho, KISS wamevaa viatu vya soli ndefu kama matofali, wanaruka, wanatema moto, jasho linaingia machoni na vipodozi. Paul Stanley anakimbia upande huu hadi ule huku anapiga gitaa. Noti zitakosewa. Aliyekuwa ukumbini hazikumsumbua, kwa sababu macho yake yalikuwa yanakula kwanza na lile kosa lilipita kabla hajaligundua. Lakini ukiliweka kwenye santuri, halipiti tena. Utalisikia leo, kesho na mwakani, mahali pale pale. Stanley ameeleza hivyo hivyo: hawakurekebisha ili kumdanganya mtu, ila nani anataka kusikia kosa moja likirudiwa milele?

Tena fikiria KISS walikuwa wapi kabla ya hapo. Albamu tatu za studio, zote zikiwa baridi, hakuna hata moja iliyowaonyesha walivyokuwa jukwaani. Alive! ndiyo santuri ya kwanza iliyofanana nao. Kama imefanana nao kwa msaada wa studio, bado imefanana nao.

Kuhusu yule kijana wa gitaa nakubali. Angeambiwa.

#4 fundi_mitambo

Wakuu, niongeze upande wa mitambo, maana naona asilimia zinatupwa humu kana kwamba kurudia sauti ni kama kubadilisha shati.

Jukwaani hakuna kuta. Maikrofoni ya mwimbaji iko hatua chache mbele ya ngoma na spika za magitaa, kwa hiyo inabeba sauti yake pamoja na dunia yote iliyo nyuma yake. Hiyo ndiyo tunaita kuvuja. Sasa tuseme mstari mmoja umeimbwa vibaya unataka kuurudia. Ukifuta mstari huo, unafuta pia ngoma zilizovujia humo. Ghafla ngoma zinabadilika rangi kwa sekunde nne, hewa ya ukumbi inatoweka, kisha inarudi. Na ile sauti mbaya hujaimaliza, kwa sababu nayo imevujia kwenye maikrofoni zilizoning'inia juu ya matoazi. Mwimbaji akiimba tofauti kidogo tu na alivyoimba jukwaani, utasikia watu wawili: mmoja karibu, mwingine kama yuko chini ya sakafu. Tunamwita mzimu.

Besi ni rahisi zaidi. Mara nyingi huchukuliwa kwa waya moja kwa moja kutoka kwenye gitaa, bila kupitia maikrofoni. Njia yake kwenye kanda, yaani ule mstari wa kanda uliobeba sauti yake peke yake, ni safi, unaweza kuifuta na kurudia bila kugusa mengine. Ndiyo maana hadithi ya Lynott kuanza na besi inaniingia akilini kabisa, na ndiyo maana hoja ya Robertson kuhusu magitaa nayo inaniingia. Wote wawili wanazungumza kama watu waliokuwepo.

Ngoma ndizo za mwisho kuguswa. Zina maikrofoni nyingi, kila mmoja kwenye bendi alikuwa anazifuata, na ndani yake kuna ukumbi wote. Ukizing'oa nyumba inaanguka. Angalieni: Visconti anasema kilichobaki ni ngoma, Kramer anasema kilichobaki ni ngoma. Wao ni watu tofauti, wako nchi tofauti, na wamekutana kwenye jibu moja.

Halafu kuna mambo ambayo msikilizaji hayajui kabisa. Kanda ya futi 2,500 ikizunguka kwa inchi 15 kwa sekunde inaisha baada ya dakika kama 33. Ukiiendesha kwa inchi 30 ili upate sauti safi zaidi, una dakika 16 na ushei. Usipokuwa na mashine mbili zinazopokezana, wimbo mrefu unakatika katikati. Waya unaingia unyevu. Mwimbaji anageuza maikrofoni akicheza nayo. Mtu anakanyaga plagi. Onyesho limekwenda vizuri ukumbini, watu wamerudi nyumbani na furaha yao, na kwenye lori la kurekodia mna njia mbili tupu. Ufanye nini? Utupe usiku mzima?

#5 mgeni_wa_roki

Samahani wakubwa, mimi mgeni. Mtu wa kawaida anaweza kusikia kiraka? Au mpaka uwe fundi?

#6 fundi_mitambo

Karibu mdogo wangu. Unaweza, ila inataka kusikiliza kwa headphone na subira.

Anza na sauti ya kuimba. Mwimbaji anapofunga mdomo, maikrofoni yake bado iko wazi, kwa hiyo ngoma zinapaswa kuendelea kusikika humo kwa mbali. Kama kila anapofungua mdomo matoazi hayabadiliki hata chembe, mashaka yaanze. Kisha sikiliza pumzi. Mtu aliyekimbia jukwaani dakika arobaini hapumui kama mtu aliyeketi na kunywa maji. Pumzi ni vigumu kuigiza.

Hesabu pia mikono. Bendi ina mpiga gitaa mmoja, anapiga solo, na bado unasikia gitaa la rizimu likiendelea chini yake? Huyo wa pili ametoka wapi? Vivyo hivyo mwimbaji mmoja anayejiitikia mwenyewe.

Umati ndio unaosaliti zaidi. Tafuta mluzi mmoja wa pekee, au mtu mmoja mwenye sauti nyembamba. Akirudi baada ya nusu dakika kwa mpangilio ule ule, umekamata kitanzi cha kanda.

Lakini nikuonye: mafundi wazuri walijua haya yote. Grateful Dead waliporudi Marekani kutoka ziara ya Europe '72 walirudia sauti nyingi za kuimba studioni, na kazi ile imefanywa kwa ustadi kiasi kwamba watu wengi wameishi nayo miaka bila kushuku. Kuna hata kinanda cha Merl Saunders humo, na Saunders hakuwa kwenye ziara hiyo. Mwaka 2011 walipotoa maonyesho yote 22 ya ziara ile kwa ukamilifu, watu walipata nafasi ya kupima wenyewe.

#7 santuri_kuukuu

Fundi, umenifumbua. Hilo la ngoma kuwa ndizo nyumba limenikaa. Nimerudi kusikiliza Live and Dangerous jana usiku nikamfuata Downey peke yake, mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa sijawahi kumsikiliza hivyo.

Lakini maneno yako kuhusu umati yamenipeleka mahali pengine, na nadhani hapo ndipo ninapotofautiana na msikivu. Wewe msikivu unachukia sauti iliyorudiwa. Mimi naona kuna kosa kubwa kuliko hilo.

Got Live If You Want It! ya Rolling Stones, iliyotoka Marekani mwishoni mwa 1966. Ndani yake mna nyimbo mbili, Fortune Teller na I've Been Loving You Too Long, ambazo ni za studio kabisa. Hazikuwahi kupigwa mbele ya watu kwenye kanda ile. Walichofanya ni kumwaga mayowe ya mashabiki juu yake. Jaladani wakadai ni Royal Albert Hall, wakati sehemu kubwa ya zile za kweli ilitoka Newcastle na Bristol. Stones wenyewe waliikataa albamu hiyo baadaye.

Halafu kuna ya Yardbirds inayonihuzunisha kila nikiikumbuka. Machi 30, 1968, walipiga Anderson Theater New York, Jimmy Page akiwa kwenye gitaa, miezi michache tu kabla bendi haijavunjika. Onyesho la kweli, watu wa kweli. Mwaka 1971, Page akiwa tayari maarufu na Led Zeppelin, kampuni ya Epic ikalitoa. Waliona umati hautoshi, wakabandika kelele za watu kutoka kwingine, zikiwemo za uwanja wa mapigano ya fahali! Page akaenda kisheria, albamu ikaondolewa sokoni. Ilibidi isubiri hadi 2017 ndipo yeye mwenyewe aitoe ikiwa imesafishwa.

Hebu tulinganishe. Lynott akirudia besi yake, ni Lynott bado. Anarekebisha neno lake mwenyewe. Lakini umati ni sisi. Ni shahidi. Mtu aliyekuwa Anderson Theater usiku ule alipiga makofi yake, labda machache, labda alikuwa ameduwaa, na makofi hayo yakafunikwa na watu wanaomshangilia fahali akichomwa mkuki. Yule mtu ameondolewa kwenye historia ya usiku wake. Kiraka cha mwanamuziki naweza kukisamehe. Shahidi wa uongo siwezi.

#8 msikivu

Mkuu hilo la shahidi ni zito, sijawahi kulifikiria hivyo. Nalipokea. Lakini sijashuka kwenye farasi wangu.

Eagles Live, 1980. Huyo si mtu anayerekebisha neno lake, ni watu wasiotaka hata kuonana. Walikuwa wameshavunjika kwa ugomvi. Kule Long Beach, Julai 31 mwaka huo, Glenn Frey na Don Felder walikuwa wakitishiana jukwaani huku wakiimba. Ilibaki deni la albamu kwa kampuni. Basi ikatengenezwa Frey akiwa Los Angeles na wengine Miami kwa prodyuza Bill Szymczyk, kanda zikisafirishwa huku na huku. Szymczyk mwenyewe alisema uitikiaji ule wa sauti tatu umewezeshwa na kampuni ya kusafirisha vifurushi. Jaladani wakawashukuru mawakili watano.

Unasikia sauti tatu zimekaa pamoja kama ndugu wa tumbo moja, na kumbe kati yao kuna bara zima. Hapo umati ni wa kweli na waimbaji ni wa kweli, mkuu. Kwa kipimo chako hakuna shahidi wa uongo. Lakini jambo lenyewe halikutokea. Unasemaje?

#9 besi_nzito

Kabla mwanzisha uzi hajajibu: hilo la Eagles nakubaliana na msikivu, limepita mpaka. Ila tusiwachanganye wote kwenye kapu moja.

Unleashed in the East ya Judas Priest, iliyorekodiwa Tokyo Februari 1979. Watu waliikejeli kwa miaka, wakaibatiza jina la "Unleashed in the Studio". Rob Halford alikuja kukiri kwamba sauti yake ilirudiwa studioni kwa kuwa ile ya jukwaani ilikuwa imeharibika. Lakini aliingia studioni akaimba kama yuko jukwaani, wimbo mzima kwa pumzi ya onyesho. Sikiliza mayowe yake. Kule Japani kulikuwa na bendi iliyowaka usiku ule, magitaa ya Glenn Tipton na K.K. Downing yapo hapo, na njia moja ya kanda ndiyo iliyowaangusha. Ungetaka watoe albamu ya Priest bila mwimbaji?

Na Peter Frampton. Frampton Comes Alive!, 1976, watu hudhani ni viraka vitupu kwa sababu imenyooka mno. Mwenyewe ameeleza vitu vichache sana vilivyorudiwa, na kimoja nakipenda: kwenye Show Me the Way anatumia ule mrija wa mdomoni unaoifanya gitaa izungumze. Alipobadili kwenda kwenye mrija, sauti ilihamia spika nyingine, fundi akasahau kusogeza maikrofoni. Gitaa la rizimu likapotea. Wakalirudia. Hiyo ni kama kushona kifungo kilichokatika.

#10 mgeni_wa_roki

Kuna ambazo hazikuguswa kabisa? Nataka nianze na hizo.

#11 santuri_kuukuu

Mdogo wangu, anza na Made in Japan ya Deep Purple. Agosti 15 hadi 17, 1972, usiku mbili Osaka na mmoja Budokan, Tokyo. Hawakuwa na hamu nayo hata kidogo. Waliombwa na kampuni kwa ajili ya soko la Japani, wakakubali kwa masharti yao, mojawapo fundi wao Martin Birch awe ndiye anayerekodi. Gharama yote dola 3,000 hivi. Hakuna kilichoongezwa. Wakati wa kuchanganya sauti, kutoka kwenye bendi walikuja Roger Glover na Ian Paice tu. Ian Gillan na Ritchie Blackmore hawakutokea.

Nadhani hapo ndipo siri ilipo: hakuna aliyekuwa anaiogopa. Haikuwa kitu cha kuwaokoa kama KISS, wala deni la kulipa kama Eagles. Waliiacha ilivyo. Kisha ikaja kuwa mojawapo ya albamu wanazokumbukwa nazo zaidi.

Pia tafuta ya Beatles pale Hollywood Bowl, maonyesho ya 1964 na 1965. Hiyo hata wangetaka kuitia viraka wasingeweza, kwa mashine ya njia tatu tu, na mayowe yamejaa kila mahali. Kanda zilikaa kabatini hadi 1977, prodyuza wao George Martin alipozitoa. Mwaka 2016 zikatoka tena baada ya mafundi wa studio za Abbey Road kutumia kompyuta kutenganisha sauti na mayowe. Hakuna aliyeongezwa humo, waliongezewa nafasi ya kusikika.

Msikivu, kuhusu Eagles sina utetezi. Umenibana vizuri. Kipimo changu hakikutosha.

#12 fundi_mitambo

Ngoja niwape kitu cha kuvuruga zaidi. Kuna waliofanya kinyume: wakarekodi jukwaani, wakafuta umati, wakauza kama ya studio.

Neil Young, Rust Never Sleeps, 1979. Sehemu kubwa ilitoka kwenye maonyesho, wakaongeza vitu studioni na kuwaondoa watu kadiri walivyoweza. Frank Zappa naye alifanya hivyo mara nyingi. Sheik Yerbouti ya mwaka huo huo msingi wake mkubwa ni kanda za jukwaani, Hammersmith Odeon miongoni mwake. Zappa alifika mahali pa kuchukua solo ya gitaa aliyopiga jukwaani kwenye wimbo fulani na kuipandikiza juu ya wimbo mwingine kabisa, wenye mwendo mwingine. Alilitungia jina, xenochrony. Lakini alipotoa mfululizo wake wa You Can't Do That on Stage Anymore, akatangaza hakuna kilichoongezwa. Yeye alikuwa anakwambia.

Msikivu, kwa Young na Zappa umeuziwa laivu kwa jina la studio. Nako unadai pesa yako?

Na bado kuna kukata na kuunga. At Fillmore East ya Allman Brothers, Machi 1971: hakuna noti ya studio, lakini prodyuza Tom Dowd alikata, na You Don't Love Me imeungwa kutoka kwenye maonyesho mawili. How the West Was Won ya Led Zeppelin, iliyotoka 2003, imeunganisha Los Angeles Juni 25 na Long Beach Juni 27, 1972, na ndani ya wimbo mmoja unaweza kuvuka kutoka usiku mmoja hadi mwingine. Kila noti ni ya jukwaani. Usiku wenyewe haupo kwenye kalenda.

Siku hizi ndiyo usiseme. Tangu programu za kunyoosha sauti zilipoingia 1997, huhitaji kumrudisha mwimbaji studioni. Unainyoosha sauti yake ile ile ya jukwaani, na hata mzimu kwenye matoazi unaweza kupunguzwa. Zile dalili nilizompa mgeni zitazidi kumsaidia kwa santuri za zamani kuliko za leo.

#13 msikivu

Fundi, kwa Young sidai. Sijui kwa nini, lakini sidai. Labda kwa sababu hakuniahidi zaidi ya alichonipa, alinificha zuri badala ya baya.

Niulize moja, kisha nitanyamaza. Live at Leeds ya The Who. Ile ndiyo msahafu wangu. Niambieni haikuguswa.

#14 santuri_kuukuu

Ndugu yangu, iliguswa. Kaa nikueleze, na usihuzunike kabla hujafika mwisho.

The Who walikuwa wamerekodi maonyesho mengi ya Marekani 1969. Pete Townshend akaona hawezi kukaa kuyasikiliza yote, akaagiza kanda zichomwe moto. Baadaye alijutia. Wakapanga usiku mbili tu: chuo kikuu cha Leeds Februari 14, 1970, na Hull kesho yake. Hull upande wa besi ya John Entwistle ulikuwa na matatizo kwenye kanda. Wakabaki na Leeds.

Na Leeds nayo ilikuwa na kasoro. Waya mbovu uliacha mikwaruzo kwenye kanda. Sauti za kuitikia nazo hazikurekodiwa inavyopasa. Yaani wale wawili, Townshend na Entwistle, waliimba pale ukumbini wakasikika na kila mtu, ila kanda haikuwashika.

Basi waliingia studioni, wakasimama, wakaimba sehemu zao kwa mkupuo mmoja, kanda ikizunguka kutoka mwanzo. Hawakurudia mstari mmoja mmoja wala kuchagua kilicho bora kati ya majaribio ishirini. Waliimba kama walivyoimba Leeds, wakifuata ngoma za Keith Moon zinazokwenda zinakotaka, na popote walipokosea pakabaki hivyo.

Mikwaruzo waliiacha. Kwenye lebo ya santuri yenyewe wakaandika kwa mkono kwamba mikwaruzo ni sawa, isirekebishwe, ili hata fundi wa kiwandani asije akajaribu kuisafisha. Miaka ya tisini albamu ilipotolewa upya kwenye CD, kompyuta ilikuwa imeweza kuiondoa, ikaondolewa.

Mimi ninayo ya zamani, yenye mikwaruzo. Nimeiweka sasa hivi ninapoandika. Nimefika pale wanapoitikia, na nimejaribu kuwatenga wale wawili wa studioni na mwimbaji wao, yule Daltrey wa ukumbini. Nimerudisha sindano mara tatu. Msikivu, ukipata nafasi leo usiku, jaribu nawe uniambie umesikia nini.